Kabla ya kuongeza spidi ya mkanda, simama wewe mwenyewe kwenye kituo cha opereta zamu nzima

MsimamiziWaZamu

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya watu wa viwandani: maopereta, mafundi, wasimamizi, na mabosi wanaopita humu kimya kimya. Nina miaka 13 kwenye laini za kuunganisha na kufungasha bidhaa, 5 nikiwa opereta na 8 nikiwa msimamizi wa zamu. Katika miaka yote hiyo nimeona jambo moja likijirudia. Uzalishaji ukishuka, cha kwanza kuguswa ni spidi ya mkanda, na cha pili ni jina la opereta. Meza anayofanyia kazi haiulizwi. Aliyemfundisha naye haulizwi.

Kiwanda kimoja nilikofanya kazi kilikuwa na kituo cha mwisho wa laini, pale katoni zinapofungwa. Kila siku, ikifika saa ya sita ya zamu, bidhaa zinarundikana hapo na vituo vya nyuma vinasimama kusubiri. Tulibadilisha watu watatu, kila mmoja akaondolewa kwa sababu moja: "mzito". Wa nne alikuwa dada mfupi, mchapakazi kweli kweli, na naye yakamkuta yaleyale. Siku moja akaumwa, mbadala hayupo, nikashika nafasi yake.

Nilidhani naijua ile kazi, maana nilikuwa naiangalia kila siku. Kumbe kuiangalia na kuifanya ni vitu viwili. Makasha matupu yalikuwa sakafuni, nyuma yangu upande wa kushoto. Bomba la gundi lilikuwa kulia, juu ya usawa wa bega. Kwa kila katoni najikunja, nageuka, nainuka, nanyoosha mkono juu, halafu naanza upya. Kufika saa ya nne kiuno kilikuwa kinawaka moto. Saa ya tano nikajikuta nafanya kitu kilichonitia aibu: nimeacha kukagua mstari wa gundi kwenye ukingo wa juu, kwa sababu kuukagua kulitaka mkono uinuke mara moja zaidi. Nami ndiye niliyekuwa nikiwaandikia wengine onyo kwa katoni zinazofunguka!

Marekebisho yenyewe yalichukua siku moja. Makasha tukayaleta mbele, juu ya paleti tupu zilizopangwa hadi usawa wa nyonga. Fundi akachomelea kishikio kipya, bomba la gundi likashuka hadi chini ya kifua. Tukatengeneza jukwaa la mbao la sentimita 12 kwa wafupi, na mrefu akiingia zamu linasukumwa pembeni. Wiki ya pili mrundikano haupo. Dada ni yuleyule na mkanda ni uleule. Katoni zinazofunguka zikapungua mpaka idara ya ubora wakaja kuuliza tumebadilisha gundi gani.

Jambo hili lina jina, ergonomia. Ni neno la tangu 1857, lililoundwa na Mpoland Wojciech Jastrzębowski kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kazi na kanuni. Kwa lugha yetu ya sakafu ya kiwanda maana yake ni kuifanya kazi iufuate mwili wa mtu, badala ya kumpinda mtu aifuate kazi.

Kwa nini mwili unachoka hivyo? Msuli unaokazwa na kuachiwa unapata damu. Unaokazwa bila kuachiwa unaibana mishipa yake wenyewe, na uchovu unaingia hata kama mzigo ni mwepesi. Shika bisibisi ya umeme mkono ukiwa umenyooka mbele ya uso, uhesabu dakika. Opereta ambaye meza imemzidi kimo anainua mabega saa saba mfululizo, yaani yumo ndani ya zoezi hilohilo kutwa nzima.

Kipimo cha kuanzia ni kiwiko. Mtu asimame wima, mabega yamelegea, mkono ukunjwe pembe mraba, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kazi ndogondogo inayotaka macho iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya hapo. Kazi nyepesi ya kuunganisha, sentimita 10 hadi 15 chini. Kazi ya kugandamiza kwa nguvu ishuke zaidi, hata sentimita 40, uzito wa mwili usaidie. Na hapa wengi wanakosea: kinachopimwa ni pale mikono inapofanya kazi, si uso wa meza. Jigi, yaani kile kishikilio cha kipande kinachofanyiwa kazi, yenye kimo cha sentimita 20 ikikaa mezani, mikono nayo imepanda 20.

Kwa wanaonyanyua mizigo, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, ina mlinganyo wa kukadiria uzito unaofaa kunyanyuliwa, uliorekebishwa mwaka 1991. Unaanza na kilo 23 kwa hali nzuri kabisa, kisha kila kasoro inakata. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, kilo 23 zinakuwa 11.5. Mikono ikiuanzia sakafuni, tunashuka hadi karibu 8.9. Ukijipinda nyuzi 45, zinabaki kama 7.6. Na hapo hatujahesabu ni mara ngapi kwa dakika. Sasa rudini kwenye kituo changu cha katoni mniambie kama wale watu watatu walikuwa wazito.

Mafunzo nayo nina la kusema, ila kuna mwalimu humu anayajua kuliko mimi, namwachia. Karibuni.

Dada_wa_Cherehani

Kaka, umenigusa pabaya. Nimekaa kwenye cherehani za kiwandani miaka 9. Benchi la mbao halipandi wala halishuki, pedali iko kulia mno, kwa hiyo kutwa nzima nyonga imekaa upande. Shingo imeinama kufuata sindano kwa sababu taa iko darini, na kivuli cha kichwa changu ndicho kinachoangukia mshono. Usiku vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi, naamka kuvikung'uta.

Akaja msimamizi mmoja mwenye kusikia. Akasogeza pedali, akaleta viti vya kurekebisha, akainamisha meza kidogo kuelekea kwetu, akafunga taa ndogo pembeni ya sindano. Hakuna aliyetuambia tushone haraka, na bado vipande viliongezeka.

Sasa naomba mnisaidie hapa, maana hapa ndipo palipoumia. Mwezi uliofuata tageti ikapandishwa kwa kiasi kilekile tulichoongeza. Malipo hayakubadilika. Tangu hapo mwenzangu mwenye mbinu nzuri ya kugeuza kola anaifanya kwa kujificha, mkaguzi akipita anarudia ya zamani. Mimi simlaumu.

Bosi_Mdogo

Mkuu, andiko ni zuri ila naomba niwe mkweli. Mimi nasimamia maopereta 60 kwa zamu. Kila mmoja ana kimo chake. Nitengeneze meza 60? Na nikimfundisha mtu vizuri anaondoka baada ya miezi mitano. Kwangu mafunzo ni hasara mara mbili.

Mzee_wa_Karakana

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanangu Bosi, kaa kwenye hicho kituo kwanza, halafu uje tuzungumze gharama.

Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kama fundi mwashi, aliangalia wenzake wakiinama hadi miguuni kuchukua kila tofali. Mtu anainamisha mwili mzima kwa ajili ya tofali moja! Akatengeneza jukwaa linalopanda pamoja na ukuta, matofali na udongo vikawa usawa wa mkono. Mijongeo ya kuweka tofali moja ikashuka kutoka 18 hadi kama 5, na kwa saa wakatoka matofali 120 hadi 350. Hiyo ni zaidi ya miaka mia iliyopita, na bado leo naingia karakana nakuta boliti ziko kwenye ndoo sakafuni.

MsimamiziWaZamu

Shikamoo mzee. Ahsante kwa hilo.

Bosi, meza 60 hazihitajiki. Ipo kanuni ya zamani ya wasanifu: nafasi ya kupita na kukaa ipimwe kwa mtu mkubwa, umbali wa kufikia kitu upimwe kwa mtu mdogo. Meza iwekwe kwa kimo cha warefu, wafupi wapewe majukwaa. Vifaa vya kila dakika vikae ndani ya mzunguko wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, kama sentimita 35 hadi 45 kutoka mwilini. Vya mara mojamoja viende mbali kidogo. Hutanunua mashine mpya kwa hilo.

Kuhusu wanaoondoka, naomba ufungue daftari lako uangalie wanaondoka kutoka vituo gani. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta majina yamejazana kwenye vituo viwili, na vyote viwili vilikuwa vya kuinama. Halafu jiulize kila anayeondoka anabeba nini. Mhandisi wa ndege wa Marekani, T. P. Wright, aliandika mwaka 1936 kuhusu utengenezaji wa ndege kwamba kila jumla ya ndege zilizokwisha kutengenezwa inapofika mara mbili, muda wa kazi kwa ndege moja unashuka kwa kama asilimia 20. Mikono inajifunza. Mtu akitoka mwezi wa tano, umelipia mwanzo wa kujifunza kwake, ile sehemu ya bei mbaya, na mavuno hukuyaona. Kisha unaajiri mwingine uulipie tena.

Dada, lako sijalisahau. Nalirudia chini, linataka utulivu.

MwalimuWaLaini

Nimeitwa, nimekuja.

Viwanda vingi mafunzo ya opereta ni sentensi moja: "Kaa na fulani siku mbili, uangalie anavyofanya." Huyo fulani hajawahi kufundishwa kufundisha. Anamkalisha mgeni mbele yake, kwa hiyo mgeni anaiona kazi kinyume, kama kwenye kioo. Anaongea huku mikono inakimbia. Mwisho anauliza, "Umeelewa?" Mgeni anasema ndiyo, kwa sababu nani atasema hapana siku yake ya kwanza?

Marekani iliwahi kubanwa na tatizo hili kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1940, vita vikinyemelea, viwanda vilikuwa vinapokea watu ambao hawajawahi kugusa mashine. Ukaanzishwa mpango wa Training Within Industry, TWI, ukafundisha wasimamizi zaidi ya milioni 1.5 hadi ulipofungwa mwaka 1945. Somo lake la kufundisha kazi linaanza na fundo la waya wa umeme. Mkufunzi anaeleza kwa mdomo tu jinsi ya kulifunga, na darasa zima linashindwa. Kisha analifunga bila kueleza neno, na bado hakuna anayeweza. Ndipo linakuja somo lenyewe. Nimelifanya zoezi hilo na wasimamizi wenye miaka 20 kazini na nimeona nyuso zao zikibadilika.

Njia yao ina hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, mfuatilie. Uzito wote uko kwenye hatua ya pili na ya tatu. Unaionyesha kazi mara ya kwanza ukitaja hatua kuu tu. Mara ya pili unataja kwa kila hatua kile kitu kinachoifanya ifanikiwe au iharibike. Mara ya tatu unasema sababu. Halafu anafanya yeye, kimya kwanza, kisha anarudia akikueleza hatua, siri yake, na kwa nini. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo unagundua kama ameshika. Mtu anayejua kwamba skrubu ya tatu ikikazwa kabla ya ya pili kifuniko kinapinda, hutamkuta anaikaza usiku wa manane eti kwa sababu ni rahisi kuifikia.

Walikuwa na msemo wao: mfanyakazi asipojifunza, mwalimu hajafundisha. Nimeubandika ofisini.

Na hapa mafunzo na ergonomia yanakuwa kitu kimoja. Nilipokuwa naandika karatasi ya hatua za kufunga kifuniko fulani, nilimwomba opereta hodari kuliko wote anieleze. Kwenye hatua ya nne akasema, "Hapa nasimama kwa vidole vya miguu." Kwa nini? Kwa sababu bila hivyo haoni tundu. Sikuiandika hiyo kuwa hatua. Tulishusha jigi sentimita 9, hatua ikafutika.

Fundi_Mtambo

Niongeze la upande wa mitambo. Ripoti nyingi za "kosa la opereta" ukizifuata hadi mwisho unakuta kosa limechongwa kwenye paneli.

Wakati wa Vita vya Pili marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakishatua wanakunja magurudumu badala ya vibawa vya nyuma ya bawa (flaps). Ndege inalala tumbo. Alphonse Chapanis, mwanasaikolojia, akaona kwamba swichi mbili zilifanana na zilikaa jirani. Dawa ikawa kubandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na umbo la kabari kwenye nyingine. Mkono ukagusa na kujua.

Kwetu kulikuwa na mashine ambayo kitufe cha kuanza na cha kufungua kinga vina rangi moja, umbo moja, vimeachana upana wa kidole gumba. Watu watatu walipata barua. Nilipoomba kubadilisha kitufe kimoja niliambiwa maopereta wawe makini. Mtu wa zamu ya usiku, saa ya saba kazini, glavu zimelowa mafuta, awe makini mpaka lini? Mwishowe tulikibadilisha, na sijasikia tena barua kuhusu mashine ile.

Na glavu jamani zitolewe kwa saizi. Glavu kubwa inamlazimisha mtu kukaba kifaa kwa nguvu zaidi ili kisiteleze, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipia.

Opereta_Mpya

Samahani wakubwa, kwetu tunazungushwa vituo kila saa mbili ili tusichoke. Mbona bado mabega yanauma?

MsimamiziWaZamu

Mdogo wangu, angalia unazungushwa kutoka wapi kwenda wapi. Ukitoka kituo cha kuinua mikono ukaingia kingine cha kuinua mikono, bega halijui kama umehama. Mzunguko unasaidia pale msuli uliofanya kazi unapopumzika na mwingine kuingia: kutoka kufunga kwa juu kwenda kukagua ukiwa umekaa, kwa mfano. Mwambie msimamizi wako aorodheshe vituo kwa kiungo kinachochoka, halafu apange. Na mapumziko ya dakika chache yanayokuja mara kwa mara yanaurudisha msuli kuliko moja refu linalokuja wakati mtu ameshaisha.

Sasa dada wa cherehani. Nimelifikiria lako tangu jana.

Ulichofanyiwa ndicho kinachoua jambo hili kwenye viwanda vingi kuliko ukosefu wa fedha. Watu walitoa mbinu zao na maumivu yao yakapungua, kisha faida yote ikageuzwa kuwa mzigo. Mbinu iliyofichwa kwa mwenzako haitarudi kwa semina. Mimi nilipobadilisha kituo cha katoni nilienda kwanza kwa meneja nikaomba mambo mawili kwa maandishi: kwamba tageti haiguswi kwa miezi sita baada ya badiliko lolote lililotoka kwa maopereta, na kwamba hakuna atakayepunguzwa kazi kwa sababu kituo kimekuwa chepesi. Alikataa mara ya kwanza. Nikamwonyesha hesabu ya katoni zilizorudishwa na saa ambazo vituo vya nyuma vilisimama. Akasaini. Nilibandika karatasi ile ukutani karibu na saa, na wiki hiyohiyo mzee mmoja wa kupakia, ambaye hajawahi kusema neno kwenye kikao, alikuja kuniambia toroli lake linavutwa upande kwa sababu gurudumu limeliwa. Alikuwa analivuta hivyo zaidi ya mwaka.

Kama huna nafasi ya kumfikia meneja, pitieni kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Na peleka hesabu pamoja na maumivu, hesabu ya mishono inayofumuliwa na kurudiwa. Inaniuma kusema hivyo, maana ganzi ya vidole vyako ilitosha kuwa sababu. Lakini nataka msikilizwe.

Dada_wa_Cherehani

Ahsante kaka. Kufumua tunakuandika kwenye daftari la mkaguzi kila jioni, sikujua kama kunaweza kutusaidia sisi. Nitaomba nilione.

Bosi_Mdogo

Wakuu, nimerudi. Mzee aliniambia nikae kwenye kituo, leo nimekaa. Si zamu nzima, saa tatu, kituo cha kupachika waya.

Saa ya kwanza nilikuwa najiambia kazi ni rahisi. Ya pili nikagundua siinui kichwa kabisa. Waya ziko kwenye boksi lenye ukingo mrefu, mkono unapita juu ya ukingo ndipo ushuke, na kifundo kinakunjwa kila mara. Nilihesabu dakika kumi: mara 70. Opereta wangu, mama mmoja, alikuwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono na mimi nilikuwa nakiona kila siku nikidhani ni cha jasho.

Nimemwuliza angependa tubadilishe nini. Akanyamaza kwanza, halafu akasema ukingo wa mbele wa boksi ukatwe na boksi liinamishwe. Nimemwita fundi, amekata mchana huohuo. Nilitaka kukata ya vituo vyote 12 kwa pamoja. Nifanye hivyo?

MsimamiziWaZamu

Subiri kidogo Bosi. Acha hilo moja likae siku tatu, zamu zote, na aliye mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote walitumie. Muulize yule mama kila jioni. Na kabla hujakata mengine, angalia kama una opereta anayetumia mkono wa kushoto. Kwetu tulikata yote upande mmoja, tukalazimika kurudia mawili.

Bosi_Mdogo

Ninaye mmoja, kituo cha 7. Kesho naanzia kwake.